Ubalozi si balozi wa nyumba kumi

Sisi tuliokulia Tanzania tulimjua balozi wa nyumba kumi kabla hatujasikia habari za balozi aliyeko Muscat au London. Ukitaka barua ya utambulisho, unakwenda kwake. Mume na mke wakigombana usiku, anaamshwa yeye. Nadhani ndiyo maana tukifika ughaibuni tunaubebesha ubalozi mzigo ule ule, kisha tunarudi tukinung'unika kwamba hauna msaada. Mara nyingine lawama ni za haki. Zipo simu zinazolia mpaka zikakatika. Lakini mara nyingi tumeomba kitu ambacho balozi hana mamlaka nacho.

Kazi za kikonseli zimeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa 1963: kutoa pasipoti na hati za safari, kusajili vizazi na vifo, kuthibitisha nyaraka, kuwasaidia raia waliokwama. Mkataba huo huo unawataka maofisa waheshimu sheria za nchi walikopokewa. Kwa hiyo hawawezi kukutoa rumande, wala si kazi yao kukulipia faini au kukutafutia ajira. Na ule uvumi kwamba ukivuka geti la ubalozi umeshakanyaga ardhi ya nyumbani, si kweli. Polisi wa nchi hiyo hawaingii bila ruhusa, lakini ardhi inabaki ya wenyeji.

Kwanza ujue ubalozi wako uko wapi, maana huenda hauko katika nchi unayoishi. Mtanzania wa Oslo au Helsinki anahudumiwa na ubalozi wa Stockholm. Aliyeko Dubai hana haja ya kufunga safari ya Abu Dhabi, kwani Tanzania na Kenya zote zina ubalozi mdogo mjini humo. Ukifika London usibabaishwe na kibao: nchi za Jumuiya ya Madola zinapopelekeana mabalozi, Kiingereza huziita ofisi zao kwa jina jingine, High Commission, ila kazi ni ile ile. Jiandikishe wiki za mwanzo, na uache namba ya mtu wa nyumbani anayepokea simu kweli.

Sasa tuje kwenye kukamatwa. Kifungu cha 36 cha mkataba ule kinawataka polisi wakueleze bila kuchelewa kwamba una haki ubalozi wako ujulishwe, na ukitaka, waujulishe. Liangalie vizuri hilo neno "ukitaka". Usisubiri kukumbushwa, sema mwenyewe, tena mapema, "Naomba ubalozi wangu ujulishwe," na sentensi hiyo uijue kwa lugha ya huko uliko. Marekani kuna jambo la kushangaza kidogo: Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo ubalozi lazima ujulishwe hata kama aliyekamatwa hataki, Kenya haimo. Mtanzania na Mkenya wakikamatwa ndani ya gari moja, habari za yule wa kwanza zitafika ubalozini apende asipende, wa pili mpaka aombe. Ofisa akija atakuona, atasikiliza kama unatendewa vibaya, atakuelekeza kwa mawakili, na ukikubali atawapigia wazazi. Mahakamani kukutetea hatasimama yeye.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi za ndani Saudi Arabia mambo ni mazito zaidi. Kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, haruhusiwi na sheria za huko kukaa na pasipoti ya mfanyakazi, lakini wapo wengi wanaozifungia kabatini. Ubalozi ulioko Riyadh unaweza kukuandikia hati ya dharura ya safari, na hapo ndipo watu wengi hudhani safari imekamilika. Hati ile inakufungulia mlango wa kwenu tu. Kutoka Saudia ni suala la viza ya kutoka. Mageuzi ya Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengine kuondoka bila idhini ya mwajiri hayakuwagusa wa majumbani. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa wiki kadhaa akisubiri na hati mkononi, huku ubalozi ukivutana na mwajiri, wakala na idara za kazi. Mwajiri akiwahi kuripoti kwamba umetoroka, kazi inakuwa ngumu maradufu.

Basi kama bado hujapanda ndege, piga picha mkataba wako, pasipoti na viza, mtumie mama au dada. Ukifika, ongeza ikama (kibali chako cha kuishi huko), jina la kafili, simu yake, na lokesheni ya nyumba kwa WhatsApp. Ofisa anayepigiwa na mtu analia, "Niko kwa bosi, sijui hata mtaa," hana pa kuanzia.

Msiba ukitokea, ubalozi hutoa barua na nyaraka za kusafirisha mwili. Gharama ni zetu, na si ndogo. Hapo ndipo utakapoona umuhimu wa chama cha Watanzania au Wakenya cha mji wako, kile ambacho wengine hukikumbuka siku ya pilau la Uhuru tu. Lipa mchango wako.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioomba hifadhi, ushauri wangu unageuka kabisa. Chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, anayejirudisha kwa hiari yake kwenye ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza ukimbizi, na kwenda ubalozini kuomba pasipoti kunaweza kuhesabiwa hivyo. Muone wakili kabla ya kugonga mlango huo.

Wakenya wana sababu moja zaidi ya kuujua ubalozi wao: 2022 walipiga kura ya rais katika nchi 12 za nje, zikiwemo Qatar, Falme za Kiarabu, Uingereza na Marekani.

Mwisho ni pasipoti. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele, kwa hiyo anza kuhangaika ikiwa imebakiza mwaka. Alama za vidole hazitumwi kwa posta, utakwenda mwenyewe. Lakini baadhi ya balozi huwatuma maofisa wao kwenye miji ya mbali mara moja moja. Ulizia tarehe, na ukisikia wanakuja kwenu, omba ruhusa kazini siku hiyo na uwahi foleni.