Somo: Pampu ya pawa stering. Hakikisha imekufa kweli kabla hujanunua nyingine

Wakuu, kila siku mtu anauliza "usukani unaguna, pampu bei gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Naongelea Corolla 110, Mark II na Toyota nyingine za umri huo zenye pawa ya oili.

Usinunue kitu kwanza. Kagua.

1. Usawa wa oili kwenye kopo lake. Oili ya pawa haiungui kama ya injini. Ikipungua, kuna inakovujia.

2. Rangi. Nyekundu ni safi. Nyeusi imechoka, ibadilishe. Ikiwa na povu, rangi ya chai ya maziwa, kuna hewa ndani, na kuguna huko kunaweza kuwa hewa tu.

3. Mkanda. Ukikata kona hadi mwisho ukasikia mlio mkali wa kupiga kelele, kaza au badilisha mkanda. Mguno mzito unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini ndio wa pampu au hewa.

4. Chujio. Baadhi ya makopo yana wavu chini kabisa. Ukiziba, pampu inakosa oili na inalalamika kama iliyokufa. Safisha kopo, jaribu tena.

5. Sasa hukumu. Oili safi, mkanda mzuri, hewa hakuna, tairi zina upepo, lakini usukani mzito pande zote mbili kwenye silensa (injini inawaka, hujakanyaga mafuta) na unalainika ukikanyaga mafuta: pampu imechoka. Ukiwa mzito upande mmoja tu, iache pampu, tafuta kwenye stering reki (chombo cha chini kinachogeuza tairi). Ikivuja nyuma ya puli tu bila kuguna, ulizia kwanza seti ya sili (raba za kuzuia oili isivuje).

Kubadilisha

Legeza nati ya puli kabla hujatoa mkanda, maana mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Inua mbele, weka stendi (jeki peke yake hapana). Nyonya oili. Toa mpira wa kurudishia (unaorudisha oili kwenye kopo), kisha bomba la presha. Toa mkanda, fungua bolti, toa pampu. Hamishia puli kwenye pampu mpya bila kuigonga nyundo. Zile washa (ringi bapa) za bomba la presha ziwe mpya.

Sasa soma polepole, maana pampu mpya nyingi zinafia hapa. Pampu iliyokufa imemwaga unga wa chuma kwenye mfumo mzima. Usipousafisha, unakwenda moja kwa moja kwenye pampu uliyonunua jana. Elekeza mpira wa kurudishia kwenye chupa, ziba tundu lake kwenye kopo, jaza oili mpya, kisha INJINI IKIWA IMEZIMWA na tairi ziko hewani, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho huku mwenzako akiongeza oili, mpaka inayotoka iwe safi. Rudisha mpira. Endelea kuzungusha, injini bado imezimwa, mpaka mapovu yaishe kwenye kopo. Ndipo uwashe. Zungusha polepole, na usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 10. Zima, tazama kopo: oili ikipanda zaidi ya milimita 5, hewa bado imo. Rudia.

Oili ni ATF (ya gia otomatiki), Dexron II au III. Honda wana yao. Soma kifuniko cha kopo.

MASWALI

FitNyeusi: Mkuu, kwenye Honda Fit pampu inakaa wapi? Nimetafuta sijaiona.

Jibu: Haipo. Fit inatumia mota ya umeme. Kama taa ya EPS (pawa ya umeme) inawaka, anza na betri na alteneta.

Mtu wa Corolla: Sijasoma yote, ila pampu ya 110 bei gani?

Jibu: Soma yote.

Kijana wa Hiace: Fundi kaniwekea oili ya breki, alisema zote haidroliki.

Jibu: Usiwashe. Inaharibu sili za pampu na za reki. Mwaga yote, safisha kama nilivyoandika.

Gereji ya Kona: Sisi tunawasha tu, hewa inatoka yenyewe. Mnawatisha watu bure.

Jibu: Ndani ya pampu kuna vibapa vyembamba vinavyosugua ukuta wa chuma, na kilainishi chao ni oili hiyohiyo. Ukiwasha kavu, vinasugua kavu. Mteja akirudi baada ya mwezi utamwambia pampu ilikuwa feki.

Mama Mark II: Naomba kuelewa. Yangu inaguna asubuhi tu, kisha inanyamaza. Chini hakuna hata tone. Hewa inaingiaje mahali ambapo oili haitoki?

Jibu: Dada, umeuliza swali zuri. Kati ya kopo na pampu, oili inanyonywa, haisukumwi. Penye ufa mdogo au sili iliyokauka, hewa inavutwa ndani na oili haidondoki. Asubuhi oili ni nzito, pampu inanyonya kwa nguvu zaidi, na raba imekakamaa kwa baridi. Injini ikiwa silensa, paka oili kidogo kuzunguka viungo vya mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Mguno ukibadilika, umepata. Mpira na klipu mpya huenda vikatosha. Leta majibu.

Mtu wa Corolla: Nimesoma. Bomba la presha linavuja, niweke mpira wa kawaida na klipu?

Jibu: Hapana. Humo presha inaweza kupita bar 70, na tairi lako lina kama 2. Nenda kwa wanaobana mipira ya haidroliki kwa mashine.

Kijana wa Hiace: Na gari inayozima nikikata kona nikiwa napaki?

Jibu: Kuna swichi ndogo ya presha, kwenye pampu au bomba lake, inayoiambia injini ipandishe silensa. Angalia waya wake kwanza, mara nyingi umechomoka tu.