Boksi ya diski nne za bekapu: uliza kwanza kama diski itasomeka nje ya boksi

Karibu kila mpiga picha ninayemjua hapa Nairobi amefika mahali laptopu imejaa, kwa droo kuna diski sita ndogo za kubeba na hajui harusi ya Desemba iko kwa gani, halafu mtu anamwambia nunua boksi moja ya kuweka diski nne ndani, unaichomeka kwa kompyuta, umalizane na hiyo shida. Ni wazo zuri, mimi natumia boksi ya aina hiyo kila siku. Lakini kuna swali nataka ujiulize kabla hata ya bei: hii boksi ikikufa kesho asubuhi, diski zangu zitasomeka wapi?

Nasema hivi juu mimi sikujiuliza. Boksi yangu ya kwanza ilikuwa ya RAID 5, yaani inaunganisha diski zote zifanye kazi kama moja, diski nne za 4TB, unapata nafasi ya 12TB na diski moja ikiharibika zile tatu zinaendelea na kazi, nikaona niko salama kabisa. Siku moja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, unajua venye huwa wakati wa mvua, na boksi ikakataa kuwaka. Diski zote nne zilikuwa nzima. Nikachomoa moja nikaiweka kwa kompyuta, kompyuta inaniambia hii diski haina kitu, niifute ianze upya? Manake chipu ya ile boksi ndiyo ilikuwa inakatakata kila faili na kutawanya vipande kwa diski zote kwa mpangilio wake yenyewe, na boksi ikienda imeenda na huo mpangilio. Kuna mafundi wa data wanaweza kujaribu kuunganisha kwa programu, lakini ni pesa nyingi na hawakuahidi kitu. Na ndani mle kulikuwa na video ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mteja ambaye mamake alikuwa amefariki baadaye, alikuwa amenipigia akiomba tu ile dakika mamake anaimba. Ilinichukua wiki saba kupata boksi kama ile, ya mtumba, ndo diski zikasomeka. Wiki saba nikiona simu yake ikiita moyo unadunda.

Kwa hivyo kama kazi ni bekapu, chukua boksi ya kawaida inayoonyesha kila diski peke yake, yaani ukiweka diski nne kompyuta inaona diski nne. Madukani wataiita JBOD, lakini usiridhike na hilo jina, juu kuna boksi zikiandikwa JBOD zinaunganisha diski zote zionekane moja kubwa, na hiyo sitaki uiguse. Uliza hivi: nikiweka diski mbili nitaona ngapi? Kama boksi ina RAID na pia ina swichi ya kuizima, sawa, izime kabla hujaweka kitu. Ukibadilisha ile swichi baadaye, data yote inaweza kwenda.

Najua mtu atasema lakini RAID inanilinda. Inakulinda diski moja ikiharibika wakati uko kazini, na kwa ofisi isiyoweza kusimama hata saa moja hiyo ni kitu ya maana. Lakini ukifuta folda kwa bahati mbaya imefutika kote, virusi ikiingia imeingia kote, na mwizi akibeba boksi amebeba zote nne. Bekapu ni kopi nyingine, mahali pengine.

Ukileta boksi nyumbani, fanya hii jaribio kabla siku za kurudisha hazijaisha. Weka diski moja, nakili faili kama gigabaiti 100 hivi, zima, itoe, iweke kwa boksi ya rafiki ama moja kwa moja ndani ya kompyuta ya mezani. Zikifunguka, umepata boksi. Zisipofunguka, rudisha hata kama kila kitu kingine ni kizuri, juu kuna boksi zinaficha data kwa msimbo wake bila kukuambia na kuna zingine zinabadilisha venye diski kubwa kuliko 2TB inavyohesabiwa, na zote mbili zinakufunga kwa hiyo boksi milele. Halafu ukiwa hapo jaribu pia kuchomoa diski moja wakati zingine zinafanya kazi, bila shaka ukiwa umebonyeza Eject kwanza kwa kompyuta. Boksi zingine za bei ya chini hapo zinakata zote kwa sekunde kadhaa, na kama nyingine ilikuwa inaandika umeharibu faili.

Kitu cha pili ni adapta, na hii watu wa hapa tunaipuuza sana. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwa volti 12. Nne kwa pamoja ni ampea 8. Sasa ukiona boksi ya diski nne na adapta imeandikwa 12V 3A, jiulize hiyo hesabu inatoka wapi. Zingine nzuri zinawasha diski moja baada ya nyingine kupunguza huo mzigo, muulize muuzaji. Na kama umeletewa na mtu kutoka Marekani, soma adapta imeandikwa 100-240V, isipoandikwa hivyo usiichomeke kwa stima yetu ya 240. Weka UPS ndogo pia, ile betri inashikilia stima ikipotea. Haihitaji kushikilia masaa, dakika kumi za kuzima vizuri zinatosha, juu hasara kubwa huja stima ikirudi kwa kishindo.

Spidi isikutishe. Boksi ya USB ya 5Gbps inatosha diski za kuzunguka, kwa sababu diski moja yenyewe inasukuma kama megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Ya 10Gbps lipia kama utaweka SSD, zile diski za kasi zisizozunguka. Angalia kebo badala yake, juu kebo nyingi za Type-C za kuchaji simu ni USB 2 ndani, na hapo 1TB ambayo ingeingia kwa masaa mawili itakula karibu masaa nane. Tumia kebo iliyokuja na boksi.

Feni iwepo, na iwe unaweza kuibadilisha bila kufungua boksi yote, vumbi yetu haina huruma.

Sasa diski zenyewe. Ukizunguka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa mjini, utapata za bei nafuu, nyingi zimetoka kwa mashine za CCTV, na sio mbaya zote. Nenda na laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski, ni ya bure, usome masaa ambayo diski imewaka. Mwaka mzima bila kuzimwa ni masaa 8,760, kwa hivyo ukiona 40,000 hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu, waachie. Uliza pia kama ni CMR ama SMR. CMR inaandika mistari ya data kando kando bila kulaliana, SMR inaandika mistari ikilaliana kama mabati ya paa, na ukirekebisha mstari mmoja inabidi iandike upya iliyo juu yake, ndo maana ukimwaga harusi nzima kwa mpigo inaanza vizuri halafu inazubaa. Mwaka 2020 Western Digital walikubali kwamba baadhi ya diski zao za WD Red ni SMR, na tangu hapo za CMR zinaitwa Red Plus. Na hizo SSD za 16TB za elfu mbili, tatu, nimeona watu wamelia nazo, hakuna 16TB ya bei hiyo duniani.

Venye mimi nimepanga: sloti ya kwanza kazi za mwaka huu, ya pili kopi yake, inanakiliwa kila usiku. Ya tatu ni ya miaka iliyopita. Ya nne inasafiri, nimeifunga kwa BitLocker, ile ya Windows ya kufunga diski kwa nywila, inakaa kwa dada yangu Kitengela ndani ya kabati ya nguo, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nikienda chakula cha mchana naenda na mwenzake iliyo na data mpya, nabadilisha, naandika tarehe juu na kalamu ya wino. Ruracio ya yule mteja iko kwa hizo diski zote mbili zinazosafiri.