Somo: Gitaa kavu lisikike kama gitaa kavu hata likipita kwenye spika

Wapigaji wa kwaya hapa Moshi wananiuliza jambo hili kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Piezo, kile kihisi kidogo kilicho chini ya daraja la gitaa, inasikia mgandamizo wa nyuzi, haisikii boksi la gitaa likipumua. IR (impulse response) ni faili dogo la sauti la WAV linalobeba tofauti iliyopo kati ya piezo na maiki; ukipitisha piezo humo, inasikika karibu na maiki.

1. Tuni gitaa.

2. Piezo iingie chaneli ya 1 ya kadi ya sauti, maiki ya kondensa chaneli ya 2. Washa 48V (umeme wa kuendesha maiki ya kondensa) upande wa maiki tu.

3. Maiki ikae sm 30 mbele ya freti ya 12, isitazame tundu la gitaa.

4. Rekodi chaneli zote mbili kwa pamoja, 48 kHz, dakika moja. Piga noti za shingo nzima.

5. Ingiza rekodi hizo mbili kwenye programu ya kutengeneza IR, ikutolee faili la sampuli 2048 (sampuli ni vipande vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde).

6. Hapa ndipo nilipoharibu. Sauti ikivuka sm 30 za hewa inachelewa karibu milisekunde 0.9, yaani sampuli 42 hivi, ilhali piezo haisubiri. Nilichanganya piezo na IR nusu kwa nusu bila kukata ukimya ambao ucheleweshaji huo unauacha mwanzoni mwa faili la IR, nikaenda Arusha kupiga kwenye harusi ya mdogo wangu. Masafa ya karibu na 570 Hz yakafutana, gitaa likalia kama liko ndani ya pipa. Bado inaniuma. Fungua faili la IR kwenye programu ya kuhariri sauti, kuza picha ya wimbi, kata mpaka pale linapoanza kunyanyuka. Kisha jaribu kugeuza fezi (wimbi juu chini) ya IR: upande wenye besi nene ndio sahihi. USIRUKE HATUA HII.

7. Pakia IR kwenye pedali (kifaa cha mguuni kinachosoma IR), chomeka gitaa humo, kisha ingia miksa moja kwa moja.

MASWALI

— Kaka nitumie IR yako tu niweke kwenye langu.
— Soma tena aya ya kwanza. Hiyo ni tofauti ya piezo yangu na boksi langu.

— Bei ya pedali?
— Ulizia dukani. Hakikisha inapokea WAV.

— Shikamoo mwalimu. Spika zikipanda, gitaa linavuma kwenye sol ya chini peke yake. Ni IR?
— Marahaba mdogo wangu, umesikiliza vizuri. Sol hiyo ni 98 Hz, na maboksi mengi ya magitaa makubwa hujivumia karibu na hapo. IR imeurudisha mvumo huo, spika inaulisha tena. Shusha 98 Hz kwa ekwalaiza nyembamba, IR ibaki asilimia 40 ya mchanganyiko na piezo, halafu ziba tundu la gitaa.

— Mimi naziba kwa kipande cha godoro.
— Sponji inapitisha hewa. Kata ndala ya zamani, pana kuliko tundu kidogo, uchonge ukingo taratibu mpaka ishike bila kukwaruza mbao.