Somo: Kumshuhudia Kristo Katika Mazungumzo ya Kawaida Bila Kuona Haya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi wetu tunaomba kwa sauti kuu kanisani, lakini tunaofanya nao kazi hawajawahi kusikia kutoka vinywani mwetu kwamba tunamwamini Kristo. Kwa maoni yangu, haya hiyo hutokana na dhana kwamba kushuhudia ni lazima kuwe kuhubiri, na kwamba kabla ya kumtaja Yesu ni sharti mazungumzo yasimame na sauti ibadilike.

Hatua ya kwanza: acha kuficha. Nilipofiwa na mama, mwenzangu mmoja aliniuliza, huku akipanga karatasi zake, nimewezaje kusimama tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiamka usiku wa manane, nikipiga magoti kando ya kitanda na kuirudia Zaburi ya 23 mpaka moyo utulie. Nilichomjibu ni, "Tunajikaza tu." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake. Mlango aliufungua yeye, nikaufunga mimi, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ukiulizwa swali ambalo jibu lake la kweli linamhusu Mungu, toa jibu hilo hilo, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukizungumza nayo.

Hatua ya pili: uliza, kisha usikilize. Bwana Yesu alianza na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji (Yohana 4:7), naye Filipo alimwuliza kwanza yule towashi Mwethiopia kama anayaelewa anayoyasoma (Matendo 8:30).

Hatua ya tatu: sema unachokijua. Yule aliyezaliwa kipofu hakuwashinda Mafarisayo kwa hoja. Alisema tu kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona (Yohana 9:25). Tumia maneno ya kawaida, kwa maana "kuvunjiwa nira" na "kufunikwa kwa damu" ni lugha tamu kwetu, lakini asiyeizoea huitikia kwa adabu bila kuelewa lolote.

Hatua ya nne: akikueleza shida yake, mwulize kama angependa umwombee. Akikubali, omba kwa ufupi.

Maswali ya washiriki

Swali: Mwalimu, nikiulizwa kwa nini Mungu huruhusu watoto wafe, nijibu nini?

Jibu: Kama hujui, sema hujui. Petro anatutaka tuwe tayari kueleza tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na hofu (1 Petro 3:15). Hakututaka tufumbue kila fumbo. Na kama anayeuliza amefiwa, kaa naye kwanza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno (Ayubu 2:13), na makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Swali: Nilimweleza rafiki yangu, akabadilisha mada papo hapo. Je, nimeharibu?

Jibu: Hapana. Mfuate kwenye mada yake mpya kwa moyo mweupe, ili ajue kwamba urafiki wenu hauna masharti.

Swali: Mimi ni msimamizi. Naweza kuwashuhudia walio chini yangu?

Jibu: Kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu anayekutegemea kwa mshahara hana uhuru wa kukukatalia. Usiguse jambo hilo mnapozungumzia utendaji wake wa kazi. Ngoja akuulize mwenyewe, na akiuliza, mjibu.