Kabla ya kupiga hodi: maandalizi ya mtafiti anayeiendea jamii asilia

Mtafiti akishapata fedha na kibali cha chuo chake, huona maandalizi yamekwisha. Ukweli ni kwamba bado hajajua mwenye neno ni nani. Saini za mtu mmoja mmoja hazitoshi pale ambapo matokeo yatasemwa kuwa ya watu wote. Mwaka 2010 zilichapishwa taarifa za kijenetiki za wanaume wanne Wasani, jamii asilia ya kusini mwa Afrika, kutoka Namibia. Wao wenyewe waliridhia, lakini viongozi wa Wasani hawakuulizwa, na baadhi ya maneno ya chapisho yaliwaudhi. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitoa mwongozo wao wa maadili ya utafiti. Kama unakokwenda kuna mwongozo wa namna hiyo, usome kabla ya kuandika andiko la mradi. Ratiba na bajeti zikishapitishwa, utabaki kuomba radhi tu.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayohitaji usiku kadhaa wa kazi. Kuanzia mwaka 1990, Wahavasupai wa Grand Canyon, Marekani, walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakiamini inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwatesa. Fomu yenyewe ilitumia maneno mapana zaidi. Baadaye damu ileile ikatumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili) na uhamaji wa mababu, jambo lililogongana na simulizi zao za asili. Kesi iliisha mwaka 2010: dola 700,000 kwa watu 41, na damu ikarudishwa. Kwa hiyo taja matumizi kwa majina, na uandike kwamba jambo jipya litahitaji ridhaa mpya. Kisha msomee mtu asiye wa fani yako, umwombe akueleze alichoelewa. (Mawakili hupenda maneno mapana. Wewe usiyapende.)

Suala la data nalo liamuliwe mapema: itakaa wapi, nani ataifungua, na itafutwa lini. Mataifa ya Kwanza, yaani jamii asilia za Kanada, yalikwishaweka msimamo mwaka 1998: umiliki, udhibiti, ufikiaji na utunzaji wa data zao viwe mikononi mwao. Mfadhili wako huenda akataka data iwekwe wazi kwa kila mtu, basi mgongano huo umalize naye kabla ya safari. Ahadi ya “tutaficha majina” haina uzito mkubwa katika jamii ya watu mia chache, ambako umri na kazi ya mtu vinatosha kumtambulisha.

Kuhusu faida, usiegemee asilimia ya mapato. Wasani walikuja kuahidiwa sehemu ya mapato ya hoodia, mmea waliokuwa wakiutumia tangu zamani kutuliza njaa, mwaka 2003, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ikiwa imeshachukuliwa bila wao. Kampuni kubwa zilipojitoa, fungu likawa dogo mno. Weka manufaa yasiyongoja soko: mafunzo, malipo ya wakalimani, nakala ya matokeo kwa lugha yao.

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa iliyo huru, ya mapema, na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Uhuru huo unabeba pia jibu la “hapana”, hata katikati ya kazi. Andika sasa hivi nani atazirudisha sampuli, kwa gharama ya nani, na ndani ya siku ngapi.