Jinsi ya kuanza kusoma fantasia bila kuchoka njiani

Zamani ukisema unasoma fantasia, yaani vitabu vya uchawi na madragoni, unaonekana mtoto, lakini tangu Game of Thrones ianze kwenye TV 2011 mpaka inaisha 2019 hata watu wazima maofisini walikuwa wanabishana nani atakalia kile kiti cha enzi, sasa kama na wewe unataka kuingia ila hujui pa kuanzia nisikilize.

Usianze na tofali. Wengi wanakosea hapo, wanabeba The Lord of the Rings yote, ile riwaya nene ya Tolkien, kwa sababu filamu yake ya mwisho ilizoa Oscar 11 mwaka 2004, wakifika ukurasa wa 40 wameshaacha. Anza na The Hobbit yake ya 1937, ni fupi, iliandikiwa watoto, na dunia ni ileile.

Majina yakikuchanganya usirudi nyuma kila saa we soma tu, chukua kikaratasi andika nani ndugu ya nani afu kitumie kuwekea alama ulipoishia, mi nafanya hivyo na inasaidia sana. Ramani ya mwanzoni ipige picha na simu.

Na kama Kiingereza kinakuchosha tunayo yetu jamani! Tafuta Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, humo kuna ndugu wawili wamegeuzwa manyani na Adili lazima awachape kila usiku wakati moyoni hapendi kabisa, ukifika hapo kitabu hukiweki chini.

Jipe kurasa 10 kabla ya kulala. Zikifika 50 hujanogewa, badilisha kitabu.