Jinsi ya kumtambua mwenye bendera ya askari wa Kijapani

Karibu kila anayenitumia picha za bendera hizi huuliza kama yale maandishi makubwa ya juu ndiyo jina la askari. Siyo. Mara nyingi ni 武運長久, dua ya kumwombea bahati ya kudumu vitani, na utaikuta kwenye bendera nyingi mno. Jina la mwenyewe kwa kawaida ni dogo zaidi na limekaa pembeni, likiwa na alama zake.

Bendera ya namna hii huitwa yosegaki hinomaru. Kijana alipoitwa jeshini, ndugu, majirani, walimu na wafanyakazi wenzake waliandika majina yao kwa brashi kuzunguka duara jekundu, naye akaondoka nayo. Wanajeshi wa Marekani walizibeba kama kumbukumbu kutoka Saipan, Iwo Jima na Okinawa. Nyingine zilitoka Burma, ambako askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) nao walipigana mwaka 1944.

Usiifue, usiipige pasi, na doa usiliguse. Itandaze juu ya shuka jeupe, mchana, mahali pasipopigwa na jua. Piga picha moja ya bendera nzima, kisha sehemu kwa sehemu, kila picha ikiingia kidogo kwenye ya jirani yake. Hariri ni nyembamba na wino hutokeza upande wa pili, kwa hiyo picha zilizopigwa mgongoni hunijia mara kwa mara, herufi zote zimegeuka. Itazame 武: nukta yake na ule mkia mrefu lazima viwe kulia. Palipofunikwa na doa, kamera ya infraredi husaidia sana, kwa kuwa wino wa sumi umetengenezwa kwa masizi, nayo masizi hubaki meusi hata doa linapofifia.

Sasa tafuta 為. Maana yake ni "kwa ajili ya", na hukaa juu ya jina. Chini ya jina tafuta 君, au pengine 殿 au 氏, maneno ya heshima. Kilichobanwa katikati ndicho unachokitafuta, ukoo ukitangulia. Ukiona 祝出征 au 祝入営, pongezi za kwenda vitani au kuingia kambini, chungulia karibu yake. Lakini jihadhari na 贈: jina linaloandamana nayo ni la aliyeitoa zawadi. Huyo anaweza kuwa mkuu wa shule au kampuni nzima, na mara nyingi mwandiko wake ndio mzuri kuliko yote. Hapo ndipo wengi hupotea, wakamtafuta mwalimu wakidhani wanamtafuta mwanafunzi.

Kuna bendera zisizo na 為 wala 君. Waliosaini walijua ni ya nani. Basi angalia koo. Majina kadhaa ya ukoo mmoja yaliyokusanyika sehemu moja huenda ni ya familia yake, ingawa vipo vijiji ambavyo ukoo mmoja umeenea nyumba hadi nyumba, kwa hiyo usiape.

Jina ukishalipata, linakili kwa herufi zake na uache matamshi. 正 peke yake huweza kusomwa Tadashi au Masashi, na ukimtafuta kwa sauti isiyo yake humpati. Programu za kutafsiri nazo zina mtego: maandishi ya mlalo ya miaka ile yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo programu hukutana na 久長運武 na kukujibu upuuzi. Utakutana pia na maumbo ya zamani kama 國, 縣 na 會.

Kazi kubwa kuliko zote ni mahali. Jina tupu linaweza kuwa la watu chungu nzima. Tafuta 縣, yaani mkoa, 郡 la wilaya, 町 la mji na 村 la kijiji, kisha usome mihuri myekundu: 神社 ni hekalu la Kishinto, na hekalu dogo la kijijini linaweza kukufikisha mlangoni kabisa. Vyama navyo husema. Palipoandikwa 大日本婦人会, chama cha wanawake kilichoundwa 1942, bendera haiwezi kuwa imesainiwa kabla ya hapo. Kijiji kisipoonekana kwenye ramani ya leo usikate tamaa. Vingi viliunganishwa miaka ya 1950 na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kitafute kwenye orodha za majina ya zamani.

Ukifika hapo, waachie wanaotunza kumbukumbu za askari. Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ya Japani hupokea maombi ya kuzitafuta familia za wenye bendera kupitia ubalozi wa Japani. OBON Society ya Astoria, Oregon, hufanya kazi hiyo hiyo, na mimi huwaelekeza watu huko kwanza. Bendera iliyochukuliwa Saipan mwaka 1944 ilirudi Agosti 2017 kwa ndugu wa askari huyo, kijijini Higashishirakawa, mkoa wa Gifu, ikipelekwa na Mmarekani yule yule aliyeichukua, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Ukiwaandikia, ambatisha picha zote, hata za pembe tupu zenye mihuri, na uwaeleze aliyeileta alikuwa kikosi gani na alipigana wapi. Bahasha au barua iliyohifadhiwa pamoja nayo usiitupe. Ipige picha pia, mbele na nyuma.